Chuo Kinachotunza Mazingira: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kamati yetu ya mazingira hutembelea vyuo vya Mbale, mashariki mwa Uganda, na miji jirani, na kila tuendako maswali hufanana. Nimeandika majibu hapa kama ninavyoyatoa nikiwa nimesimama jikoni au chini ya mwembe. Nilianza kazi chuoni nikiwa karani wa stoo. Kuni, dizeli, taa, sabuni na mabomba vilipita mikononi mwangu miaka mingi kabla sijaanza kuhudhuria mikutano ya mazingira, kwa hiyo mengi utakayosoma yanaanzia kwenye daftari la stoo.

Kamati yetu ni mpya na kila mtu ana wazo lake. Tuanzie wapi?

Anzieni nyuma ya bwalo la chakula. Karibu kila chuo hutupokea langoni na kutuonyesha miche iliyopandwa siku ya sherehe, kila mche na kibao chenye jina la mgeni rasmi. Tunaitazama, tunashukuru, kisha tunaomba kupelekwa jikoni. Huko ndiko tunakoukuta msitu wenyewe, umekatwa vipande vya mita moja na kupangwa hadi usawa wa dirisha.

Zaidi ya kaya tisa katika kila kumi nchini Uganda hupikia kuni au makaa, na taasisi zetu zinatofautiana na kaya hizo kwa ukubwa wa sufuria tu. Misitu ya nchi hii ilishuka kutoka karibu asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990 hadi karibu asilimia 9 mwaka 2015. Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika maeneo ya kaskazini, Acholi ikiwamo, kwa sababu malori yalikuwa yakiondoka na miti ya mashea na misitu ya watu usiku na mchana. Chuo kinachosonga posho (ugali) ya watu elfu moja kila mchana ni mteja mkubwa katika biashara hiyo, hata kama hakijioni hivyo.

Kabla ya kununua chochote, fungueni vitabu vinne: cha kuni, cha umeme, cha maji na cha dizeli ya jenereta. Andikeni kilichotumika kila mwezi kwa miezi kumi na miwili iliyopita. Mkikosa rekodi, basi kazi ya kwanza ya kamati ni kuanza kuandika leo. Bila hesabu hiyo hamtajua kama mlichofanya kimesaidia au kimependeza macho tu.

Jiko likibadilishwa, kuni zinapungua kweli?

Zinapungua, na si kidogo. Mafiga matatu hupoteza joto pande zote. Sehemu ndogo tu ndiyo inayofika kwenye chakula, na nyingine inapasha ukuta, hewa na macho ya mpishi. Jiko la taasisi lililojengwa vizuri lina chumba kidogo cha moto, kuta nene zinazozuia joto lisitoroke, sufuria inayozama ndani badala ya kukaa juu, na bomba la kutolea moshi nje. Jiko la namna hiyo linaweza kuokoa nusu ya kuni au zaidi.

Lakini jiko peke yake halitoshi, na hapa naomba msinisome haraka. Nilikaa wiki nzima jikoni kwetu kuanzia saa kumi alfajiri, nikiwa na mizani ya kupimia magunia. Niliyoyaona hayakuwa kwenye ripoti yoyote. Kuni zililetwa mbichi, zikinyeshewa uani, na zilipowekwa motoni zilitoa povu nchani kwa muda mrefu kabla ya kushika. Kuni mbichi zinaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo unachoma kuni ili ukaushe kuni. Mifuniko ya sufuria ilikuwa imepotea. Maharage yalitiwa makavu moja kwa moja kwenye maji ya moto.

Mama mpishi mkuu, ambaye amelisha wanafunzi tangu wengine wetu hatujazaliwa, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, maharage haya nyumbani kwangu nayaloweka tangu jioni. Hapa stoo inafunguliwa asubuhi." Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa stoo. Tulibadilisha saa ya kutoa chakula stoo, tukajenga banda la kukaushia kuni, tukamwomba fundi wa bati atengeneze mifuniko. Hayo matatu yaligharimu kidogo sana, na moto wa mchana ulianza kuzimwa mapema kabla hata jiko jipya halijajengwa.

Jiko jipya lijengwe pamoja na wapishi. Kama mdomo wake ni mdogo kuliko kuni zinazoletwa, au sufuria imekaa juu mno kwa mtu anayesonga posho kwa mwiko mrefu, watalibomoa kidogo kidogo hadi lirudi kuwa mafiga. Na wana haki ya kufanya hivyo, maana mgongo ni wao.

Kwa nini tusihamie gesi moja kwa moja?

Gesi ya mitungi ni safi, na kwa chai, uji na chakula cha wagonjwa inafaa sana. Kwa posho ya bwalo zima kila siku, bei yake huwa ngumu kwa vyuo vingi, na yote inaagizwa kutoka nje. Wapeni wapishi gesi kwa mapishi ya haraka, kuni kavu kwenye jiko zuri zibaki kwa mapishi makubwa, mpaka hesabu iruhusu zaidi.

Na bayogesi?

Bayogesi, yaani gesi inayotoka kwenye samadi na mabaki ya chakula yanapooza ndani ya tangi, inafanya kazi, mkikubali kwamba mmefuga mnyama. Tangi letu la kwanza lilikufa likizo ya Desemba. Wanafunzi waliondoka, maganda ya matoke na mabaki ya chakula yakakoma, kijana aliyekuwa akilisha tangi akapewa likizo kama wengine. Bakteria walio ndani hawana tofauti na ng'ombe: wanataka kula kila siku, chakula cha aina ileile, kimechanganywa na maji. Tuliporudi Februari kulikuwa na harufu tu, bila mwali. Tulianza upya kwa samadi ya ng'ombe kutoka kwa jirani, na sasa zamu ya likizo imeandikwa ukutani kwa majina. Chuo chenye shamba la mifugo kina bahati zaidi, kwa sababu ng'ombe hawaendi likizo.

Umeme wa Uganda ni wa maji. Kwa nini tuhangaike na sola?

Hili ni swali zuri kuliko mengi, na wanaouliza hivyo wako sahihi kwa sehemu kubwa. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye mabwawa ya mto Nile: Nalubaale pale Jinja tangu 1954, kisha Kiira, Bujagali, Isimba, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa mwaka 2024. Kwa hiyo paneli juu ya paa lako haiondoi moshi wa makaa ya mawe kama ingefanya Afrika Kusini.

Inachoondoa ni jenereta. Kila lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, pamoja na masizi yanayoingia kwenye madirisha ya maktaba. Angalieni kitabu cha dizeli. Kama umeme ukikatika mnawasha jenereta kwa ajili ya kompyuta, maabara na pampu ya maji, hapo ndipo sola inapoanza kujilipa. Uganda hupata jua la kutosha: kila mita ya mraba hupokea wastani wa karibu kilowati-saa 5 kwa siku. Mfumo wa kilowati 10 unaweza kutoa kati ya yuniti (kilowati-saa) 35 na 45 kwa siku nzuri. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, walifunga paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yao mwaka 2014, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto ya Ulaya.

Lakini kwanza punguzeni matumizi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikibadilishwa na taa ya LED ya wati 9, mwanga ni uleule. Kila taa mnayobadilisha kabla ya sola inapunguza idadi ya paneli na betri mtakazonunua.

Taa zetu za sola za barabarani zimezima zote. Sola imetudanganya?

Hapana. Tulikuwa nazo kumi na mbili kwenye njia ya mabweni ya wasichana, na baada ya miaka miwili zilibaki tatu zinazowaka. Paneli zilikuwa nzima. Zilizokufa ni betri, na mkataba haukusema nani atazibadilisha wala kwa fedha gani. Iliniuma, kwa sababu njia ile ina giza na mabinti wetu walirudi kutembea kwa tochi za simu. Siku hizi hatusaini mkataba wowote wa sola usiotaja betri, umri wake, na fungu la kuibadilisha.

Wanafunzi wanapika kwa koili za umeme vyumbani. Tuwazuie vipi?

Mabweni mengi yamepiga marufuku koili na jiko la umeme la waya uliojitokeza, na kila msako hupata nyingine. Zina hatari kweli: waya mwembamba, soketi moja, godoro pembeni. Lakini kabla ya msako ujao, waulizeni wanapika saa ngapi. Sisi tulipouliza, jibu lilikuwa saa tatu usiku, baada ya masomo ya jioni, wakati kantini imeshafungwa. Walikuwa na njaa. Tukawatengea chumba cha kupikia chini ya bweni, chenye waya uliofungwa na fundi, mita yake ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), na kanuni kwamba wanaopika wanachangia yuniti. Koili zimepungua, na nimeacha kuogopa moto kila nikipita pale usiku.

Bili ya maji ni kubwa na hatujui yanakwenda wapi.

Piteni usiku. Mchana kila bomba lina mtu, huwezi kujua lipi linavuja. Someni mita saa tano usiku, someni tena saa kumi na moja alfajiri. Kama sindano imekwenda sana watu wakiwa wamelala, maji yanapotea mahali.

Mimi niliweka dumu la lita 20 chini ya bomba moja la nje ambalo kila mtu alisema "linadondosha kidogo tu". Adhana ya alfajiri ilinikuta dumu limejaa na maji yakimwagika pembeni. Wahenga walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali, na lile lilikuwa bomba moja kati ya mengi. Mpira wa ndani ya bomba bei yake haifiki ya soda.

Vyoo vya kuvuta vinaiba zaidi kwa sababu vinavuja bila sauti. Tia wino wa buluu kidogo kwenye tangi la choo, usivute, subiri nusu saa. Ukiona buluu kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka. Kazi hii tumewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wawili wawili, na wanaifurahia.

Tuvune maji ya mvua kiasi gani?

Hesabu ni rahisi na inashangaza kila tunapoifanya ubaoni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la maktaba lenye urefu wa mita 25 na upana wa mita 20 lina mita za mraba 500. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya alasiri moja ya Aprili, inaleta lita 5,000. Toa kidogo kwa yanayoruka na kukauka. Mbale hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa hilo moja, basi, linapitisha zaidi ya lita nusu milioni, na kwa kawaida zote zinaishia mtaroni zikibeba udongo wetu.

Maji ya mwanzo wa mvua yaachwe yapite, maana yanasafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Wekeni wavu kwenye mdomo wa tangi ili mbu wasizalie humo. Tumieni maji hayo kwa kufua, kudeki, vyoo na bustani. Ya kunywa yachemshwe au yatibiwe.

Yale ya udhu msikitini nayo msiyaache. Hayana mafuta wala sabuni nyingi. Tuliyachimbia mfereji mfupi hadi kwenye migomba nyuma ya msikiti, na migomba ile haijui kiangazi. Dini inatukataza israfu ya maji hata tukiwa ukingoni mwa mto, kwa hiyo imamu alilipokea wazo hili haraka kuliko ofisi yoyote.

Uongozi unataka kuweka vigae vya saruji ua mzima. Ni vibaya?

Mahali pa magari na njia kuu, sawa. Ua mzima, hapana, na hili nalisema kwa uchungu. Usiku wa Julai 30, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale na watu zaidi ya ishirini wakafa. Mvua ilianguka milimani, lakini kila uwanja uliofunikwa kwa saruji mjini unaongeza kasi ya maji yanayokimbilia mtoni. Nyasi na udongo hunywa, saruji inasukuma. Mkitaka njia zisizo na matope, wekeni vigae vyenye matundu ya nyasi, au acheni ukanda wa bustani kati ya njia na njia. Na msijenge kwenye kinamasi, hata kama kiwanja hicho ndicho pekee kilichobaki. Kinamasi ndicho kinachomeza maji ya mafuriko na kuyachuja bila kutudai bili.

Takataka zetu zinachukuliwa na gari la mji. Si inatosha?

Mnajua zinakokwenda? Kiteezi, dampo lililopokea takataka za Kampala tangu 1996, liliporomoka Agosti 10, 2024, na kufukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwamo. Lile lilikuwa lundo la vitu vilivyotoka majumbani, sokoni, ofisini na mabwenini, na sehemu yake kubwa ilikuwa maganda na mabaki ya chakula, yaani vitu ambavyo havikupaswa kufika pale kabisa.

Tenganisheni mara mbili tu mwanzoni: kinachooza na kisichooza. Vyuo vinavyoanza na mapipa matano ya rangi tano huishia na mapipa matano yenye mchanganyiko uleule. Ndoo ya maganda ikae pale maganda yanapotoka, pembeni ya mpishi anayemenya matoke, si langoni penye wageni.

Mboji yenyewe haina siri. Tandazeni majani makavu na vijiti chini, juu yake maganda, kisha samadi au udongo kidogo, kisha majani tena, hadi biwi lifike kiunoni. Nyunyizeni maji liwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa. Baada ya siku nne au tano chomekeni nondo katikati, isubiri dakika kumi, ichomoeni. Ikiwa imepata moto kiasi cha kushindwa kuishika, biwi linafanya kazi. Geuzeni kila wiki. Ikiwa nondo imetoka baridi na kavu, ongezeni maji. Ikiwa imetoka baridi na inanuka, mmetia maji mengi, changanyeni majani makavu. Ndani ya miezi mitatu hivi mtapata udongo mweusi unaonukia mvua. Wanafunzi wa kilimo hushindana kuuchukua. Mwanafunzi mmoja aliniletea kiganja chake cheusi na kusema hakuamini kwamba ni yale maganda aliyoyamwaga mwenyewe Machi.

Mafuta ya injini, dawa za maabara, betri na kompyuta mbovu ni habari nyingine: vifungiwe stoo yao, viandikwe, vikabidhiwe kwa mwenye leseni ya kuvishughulikia. Kamwe visichomwe.

Kavera si zilishapigwa marufuku?

Ndiyo, na bado mifuko hiyo ya plastiki inatuzunguka. Sheria ya fedha ya 2009 ilijaribu, kisha Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ikakataza mifuko ya plastiki yenye unene chini ya maikroni 30. Hamwezi kusimamia soko zima la Mbale, ila lango lenu mnaweza. Ongeeni na wauza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa hapo nje kabla ya kuwatungia kanuni. Wetu walikuwa tayari kufunga chapati kwa karatasi safi au jani la mgomba kama walivyofunga mama zao matoke. Walichohofia ni mteja kumkimbilia jirani anayetoa kavera. Walipokubaliana wote siku moja, hofu ikaisha. Mwanafunzi akija na bakuli lake, anaongezewa kipande cha nyanya. Hilo la nyanya walilibuni wenyewe.

Tupande miti gani?

Inayofaa mahali na yenye mtu wa kuitunza. Mikaratusi inakua haraka na inafaa kuwa shamba la kuni mbali na maji; karibu na chemchemi au kinamasi itakunywesheni ukame. Musizi hukua upesi na kuleta kivuli. Mvule unataka subira ya vizazi, lakini chuo ni mahali pazuri pa kuupanda, kwa kuwa vyuo huishi muda mrefu kuliko watu. Mparachichi, mfenesi na mwembe hulisha wanafunzi ambao mwisho wa muhula hawana hela ya chakula cha mchana, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha.

Pandeni mwanzo wa mvua za Machi. Miche mingi ya vyuo hufa Januari: ni kiangazi, na wanafunzi wako nyumbani. Kila mche mkabidhini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, atakayekuwapo miaka mitatu, pamoja na askari mmoja wa zamu kwa ajili ya likizo. Na mtu akiwauliza mmepanda miti mingapi, jibuni kwa idadi ya iliyo hai baada ya miezi kumi na miwili.

Usafiri je?

Kwa chuo cha mjini, njia salama ya miguu yenye kivuli na taa inasaidia kuliko yote. Bodaboda za umeme zimeanza kuonekana Kampala. Wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walitengeneza gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, kisha likaja basi la sola la Kayoola mwaka 2016. Uwezo wa kubuni tunao.

Mhasibu anasema hakuna fedha.

Msiende kwake na hotuba, nendeni na vile vitabu vinne. Mwombeni jambo moja: kitakachookolewa mwaka wa kwanza kwenye kuni na maji kisirudi mfuko mkuu, kibaki kwenye fungu la mazingira kwa ajili ya hatua ya pili. Banda la kuni likalipia mifuniko, mifuniko ikachangia jiko, jiko likachangia matangi. Kwetu ilikwenda polepole, na kuna mwaka fungu lile lilichukuliwa kwa dharura nyingine bila sisi kuulizwa, tulianza tena. Pateni makubaliano hayo kwa maandishi.

Mimi ni mwanafunzi wa kawaida. Nitasikilizwa na nani?

Vanessa Nakate alikuwa ametoka kuhitimu Shule ya Biashara ya Makerere, pale Nakawa, alipoanza kusimama barabarani Kampala na bango Januari 2019, akiwa na ndugu wachache tu wa familia. Leo anajulikana duniani, lakini mimi namheshimu zaidi kwa mradi wake wa kufunga paneli za sola na majiko bora katika shule za Uganda. Aliliona jiko.

Ukihitaji kitu kidogo cha kuanzia, utafiti wako wa mwaka wa mwisho ufanyie hapo chuoni: pima kuni, pima maji, hesabu miti iliyo hai. Mwaka ujao mwingine ataendeleza jedwali lako.

Sheria inatudai nini?

Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 inampa kila raia wa Uganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya 2019 imekwenda mbali zaidi na kutambua haki za mazingira yenyewe, kwamba maumbile yana haki ya kuwepo na kuendelea. Kwa majengo makubwa mapya, ulizeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mapema kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini inayofanywa baada ya msingi kuchimbwa haimsaidii mtu.

Kwa nini mnaandika kwa Kiswahili?

Kwa sababu jikoni kwetu kuna Mgisu, Mteso, Mgwere, Mganda na dada mmoja kutoka Kitale, Kenya, ng'ambo ya mpaka. Mikutano ya mazingira iliyofanywa kwa Kiingereza iliwakosa watu hasa wanaoshika kuni, bomba na ufagio.

Tunaweza kuja kuona?

Karibuni sana. Njooni Jumanne au Alhamisi wakati wa muhula, saa kumi alfajiri, moto unapowashwa. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, wanawake wafunge mitandio vizuri, na njooni na daftari lenu la kuni kama mnalo. Msalimieni Mama mpishi kwanza kabla ya kuuliza chochote. Atawapa mwiko, na baada ya dakika kumi za kusonga mtakuwa na maswali mengine kabisa.